Mbuzi ya nazi ya bibi: hadithi yake iko wapi, na je makumbusho wataipokea?

*"Shikamoo dada. Bibi yetu alifariki mwaka jana huku Tanga, alikuwa na miaka tisini na kitu. Kwenye chumba chake tumekuta mbuzi ya kukunia nazi ya zamani sana ile ya kukunja, kinu na mchi, cherehani ya Singer ya mkono (namba yake inaanza na EG), kanga kama thelathini kwenye sanduku, bakuli moja kubwa ya udongo yenye maua, chini imepigwa mhuri Maastricht, na senti za tundu zimetungwa kwenye uzi. Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ndugu wanasema ni takataka, mjomba anataka kumuuzia cherehani na bakuli mtu mmoja anayenunua vitu vya kale, kaka yangu ashapaka kinu vanishi eti king'ae. Mimi nilienda makumbusho moja nikakuta mbuzi kama ya bibi kabisa kwenye kabati la kioo, kibao kinasema 'Mbuzi, mbao na chuma, Pwani', basi. Nilisimama pale nikajisikia vibaya. Hivi hivyo ndo hadithi yote? Nyie mnapata wapi hadithi za vitu vya kawaida hivi? Na nikivipeleka kwenu vitatunzwa kweli au vitaishia stoo?"*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa bibi, Mungu amlaze pema. Nimesoma swali lako mara tatu manake nimefanya kazi ya kusajili vitu vya makumbusho miaka mingi na hicho kibao ulichokiona mimi mwenyewe nimeandika vya namna hiyo, tena vingi. Kwaiyo ntakujibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Nikikuelewa unauliza mambo mawili yamechanganyika. Moja, kama kitu cha kawaida kina hadithi au tunaitunga sisi wa makumbusho. Pili, ufanye nini na vitu vya bibi kabla mjomba hajaviuza na kaka hajavimalizia vanishi. Naanza na la kwanza maana la pili linategemea hilo.

Watu wengi wanadhani kitu kikiwa cha kale basi hadithi imo ndani yake, mtaalamu anakikodolea macho anaisoma kama gazeti. Ingekuwa hivyo kibao kile kisingeandikwa maneno matano. Ukweli ni kwamba kitu chenyewe kinaweza kukwambia sehemu ndogo tu, hasa kimetengenezwa na nini, kimetumika vipi, na hakiwezi kuwa cha kabla ya lini. Yaliyobaki yote, nani alikuwa nacho, kilimjia vipi, kwa nini hakukitupa, hayo yako kwenye vichwa vya watu. Kitu kinapoingia makumbusho bila hayo maelezo ndo imetoka, hata tukiajiri wataalamu kumi hatuwezi kuyarudisha. Hiyo mbuzi uliyoiona kwenye kioo nina hakika ilikuwa na mwenyewe, alikuwa na jina na watoto na jiko lake, ila siku inapokelewa hakuna aliyeuliza, au aliuliza akaandika kwenye kikaratasi kikapotea. Zamani waliokusanya vitu vya huku wengi walijali aina ya kitu kuliko mtu, walitaka mbuzi moja, kinu kimoja, ungo mmoja, sampuli. Kwaiyo ulivyojisikia vibaya pale hukukosea, kuna mtu amefutwa.

Sasa ngoja nikuoneshe mbuzi yenyewe inaweza kusema nini. Itoe nje kwenye mwanga wa asubuhi ule wa pembeni, usiioshe kwanza, usiipanguse na kitambaa kibichi. Ile ya kukunja inakunjika kama rehali ya kusomea msahafu, bao mbili zimeshikana katikati, unaikunja unaitundika ukutani. Angalia pa kukalia, patakuwa peusi na panateleza, hiyo sio rangi, ni mafuta ya nazi na jasho na nguo miaka na miaka. Utaona upande mmoja umelika kuliko mwingine, hapo ndo uzito wa mwili wake ulikuwa unaegemea. Halafu tazama ulimi wa chuma, yale meno. Meno yakiwa yamelika zaidi kushoto au kulia hiyo ni mkono wake, maana nazi unaizungusha kwa kufuata mkono uliouzoea. Yakiwa na mikwaruzo mipya inayong'aa kati ya meno basi yamenolewa na tupa, na kama yamenolewa mara nyingi ulimi utakuwa umefupika, linganisha na mbuzi mpya ya sokoni utashangaa. Angalia na pale ulimi uliposhikiliwa kwenye ubao, ni misumari ya kiwandani, ni kigingi cha mti, au kuna kipande cha debe kimepigiliwa kuziba ufa? Kipande cha debe hicho ni mtu, kuna fundi au mume au mtoto alikaa chini siku moja akaitengeneza badala ya kununua nyingine.

Na igeuze, watu hawageuzi vitu. Nakumbuka tulikuwa na mbuzi moja chini yake ina mistari mingi ya kisu imekatana katana, kwenye kadi tulikuwa tumeandika "nakshi". Miaka imepita, siku moja akaja mama mmoja mtu mzima amemleta mjukuu wake, akaiangalia akasema nakshi gani hii wanangu, hapa alikuwa anaigeuza anakatia bamia. Ile ile iliyokuna nazi ndo ilikuwa kibao chake cha kukatia mboga, jiko lilikuwa na ubao mmoja. Sentensi moja ya yule mama ilibadilisha kadi nzima, na ilibadilisha na mimi, toka siku ile sijawahi kuandika kadi bila kumtafuta mtu aliyewahi kukitumia kitu chenyewe kwa mikono yake.

Tukija kwenye tarehe, hapa ndo watu wanajichanganya sana na ningependa ulielewe vizuri. Chukua ule uzi wa senti za tundu. Senti moja, senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za wakati wa Mwingereza zilikuwa na tundu katikati, watu walikuwa wanazitunga kwenye uzi au kamba, ni rahisi kubeba na kuhesabu. Kila moja ina mwaka wake na jina la mfalme aliyekuwepo. Tuseme nyingi zimeandikwa GEORGIVS VI, huyo alitawala kuanzia mwishoni mwa 1936 hadi 1952, na moja tu ni ya 1964 ambayo haina jina la mfalme wala malkia. Hapo uzi wote umefungwa lini? Hauwezi kuwa umefungwa kabla ya 1964 kwa sababu ile senti ilikuwa haijazaliwa. Ila unaweza kuwa umefungwa 1964, au 1970, au mwaka juzi. Mwaka mpya kuliko yote ndo unaokupa mpaka wa chini, na mpaka huo ni wa upande mmoja tu. Tanzania ilianza kutoa shilingi yake 1966, na sarafu zetu wenyewe hazikuwa na tundu, kwaiyo inawezekana bibi alizitunga pesa zikiwa hai, inawezekana pia alizitunga zilipokuwa hazinunui tena kitu, kama kumbukumbu au kumfungia mtoto achezee. Hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa na chuma haikwambii ni ipi, shangazi yako mkubwa ndo atakwambia.

Kanga hivyo hivyo. Zitandaze moja moja kitandani usome pindo na jina na ule ukingo mdogo wenye maandishi ya kiwanda au ya mwenye mali. Ukikuta jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu hiyo ni ya zamani, maandishi ya mwanzo mwanzo kwenye kanga yalikuwa hivyo kabla herufi za Kirumi hazijashika. Ukikuta Urafiki, kile kiwanda cha Dar kilichojengwa kwa msaada wa China kilifunguliwa 1968, basi unajua haiwezi kuwa kabla ya hapo. Ukikuta "Mali ya Abdulla" hiyo ni nyumba ya biashara ya Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, wako kwenye kanga tangu karne ya 19 na mpaka leo wanatoa, kwaiyo jina lao peke yake halikupi mwaka, itabidi uangalie na mahali ilipochapwa maana kanga za pwani hii zimechapwa Uholanzi, Uingereza, India, Japani, na baadae kwenye viwanda vyetu wenyewe. Kisutu, ile ya nyekundu nyeusi na nyeupe, ukiikuta iweke pembeni kabisa uulize ilikuja na harusi ya nani.

Ila kanga ina kitu ambacho mbuzi haina, ina maneno. Na hapa wengi hata wa makumbusho tunakosea, tunanakili jina la kanga tunadhani tumemaliza. "Wema hauozi" ikiwa kwenye sanduku la bibi sio lazima ndo ilikuwa msimamo wake wa maisha. Labda alipewa na mkwe baada ya ugomvi kuisha, labda alijinunulia siku anatoka kumuuguza mtu, labda alipenda tu maua. Kanga ni barua, ukijua maneno bila kujua nani alimpa nani na lini umepata barua bila jina la aliyeandika wala aliyeandikiwa. Na doti ikiwa imebaki kipande kimoja, uliza kingine kiko kwa nani! Mara nyingi doti inagawanywa kwa watu wawili wanaopendana, dada na dada, mashoga, mama na binti anayeolewa mbali, kipande cha pili kinaweza kuwa kipo hai kwenye sanduku la bibi mwingine Pangani au Mombasa huko.

Bakuli. Maastricht ni mji wa Uholanzi, kulikuwa na viwanda vikubwa vya vyombo vya udongo, kinachojulikana zaidi ni cha Petrus Regout, na vyombo vyao vilikuja pwani yetu kwa wingi sana kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, vina maua na rangi ambazo watu wa huku walizipenda. Usiamini mtu akikwambia ni ya Kireno au ni ya sultani, ni bakuli ya dukani, ya kiwandani, imesafiri na meli ikauzwa. Na mimi naona hapo ndo utamu wake, mtu wa kawaida kijiji cha Tanga anapakulia wali wa harusi kwenye bakuli iliyochomwa kwenye tanuri la Uholanzi, na nazi ya wali huo imekunwa kwenye mbuzi iliyochongwa na fundi wa mtaani. Vyombo viwili vya shughuli moja. Ukivitenganisha, bakuli ikaenda kwa mnunuzi na mbuzi ikaenda kwenye moto, umeua kitu ambacho hata pesa ya mnunuzi haitakirudisha.

Cherehani ndo nimeiacha mwisho maana umenipa namba, ahsante sana kwa hilo, wengi wananitumia picha ya maua tu. Singer walikuwa wanaweka rejista ya namba zao na herufi mwanzoni zinasaidia kujua kiwanda na kipindi. Herufi mbili zinazoanza na E zinaonesha imetoka kiwanda cha Clydebank kule Scotland, na EG inaangukia mwishoni mwa miaka ya 1940 kuelekea mwanzoni mwa 1950. Sasa umesema babu alikuwa mkonge. Mkonge uliletwa huku kwetu 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, na Tanga ndo ilikuwa moyo wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakati wa vita vya Korea bei ya mkonge duniani ilipanda sana. Unaona kinachonijia kichwani: babu anapata kazi wakati mashamba yanahitaji watu, cherehani inaingia nyumbani, bibi anaanza kushona. Inavutia eeh? Lakini sikia, hapo nimekisia. Namba inaniambia cherehani ilipotoka kiwandani, haijaniambia ilifika lini kwa bibi. Inawezekana ilinunuliwa miaka ishirini baadae kwa fundi aliyeachana nayo, inawezekana bibi aliinunua kwa hela yake ya kuuza vitumbua na babu hakuchangia hata senti. Ukikimbilia kuandika hadithi nzuri kabla ya kuuliza utamnyang'anya bibi kazi yake mwenyewe ukampa babu, na nimeona hilo likitokea kwenye vibao vya maonesho zaidi ya mara moja.

(Na hilo neno hela nililotumia hapo linatokana na heller, sarafu ya Mjerumani aliyoileta 1904, rupia moja ilikuwa heller mia. Mjerumani aliondoka, jina la sarafu yake likabaki mdomoni kwetu.)

Kwaiyo kabla ya kufikiria makumbusho, cha kwanza kabisa ni watu. Kwenye mkusanyo wowote kinachooza haraka kuliko vyote ni kumbukumbu za wazee, mbuzi itakaa miaka hamsini mingine ila shangazi yako anayejua nani aliichonga hana miaka hamsini. Mwendee na kitu chenyewe mkononi, usiende na picha, mpe akishike. Washa simu irekodi sauti, mwambie kabisa kwamba unarekodi. Na usimuulize "hii ina hadithi gani", atakujibu hadithi gani mwanangu, mbuzi tu hiyo. Muulize vitu vidogo. Ilikuwa inakaa wapi usiku? Nani alikuwa haruhusiwi kuigusa? Ikivunjika ilikuwa inapelekwa kwa nani? Ilikuja na harusi au ilinunuliwa? Siku za shughuli mlikuwa mnaazima mbuzi ngapi kwa majirani na mlizijuaje zisichanganyike? Mara ya mwisho bibi mwenyewe kuikalia ilikuwa lini, na nani alikuna baada ya yeye kushindwa? Ukimuomba akae kwenye hiyo mbuzi akuoneshe, mwili unakumbuka vitu mdomo umesahau, nimeona mama wa miaka themanini akaanza kukuna nazi na katikati akaanza kulia akataja jina la dada yake ambalo familia nzima haikuwa inalijua.

Ukisikia matoleo mawili yanayopingana andika yote mawili, na nani kasema, usiyasuluhishe. Piga picha kila kitu juu, chini, pembeni, weka na rula ili ukubwa ujulikane. Andika kikaratasi kwa penseli, kifunge kwa uzi wa pamba, usibandike selotepu wala usiandike na maka peni juu ya kitu. Hicho kikaratasi kikitoka kitu kinakuwa yatima, ndo maana makumbusho kila kitu kinapewa namba na namba hiyo inaandikwa juu ya kitu chenyewe kwa namna inayoweza kutolewa, na kwenye rejista, na kwenye kadi. Sio urasimu, namba ndo kamba inayokifunga kitu na maneno yake.

Kuhusu kinu na vanishi, usimgombeze sana kaka, alitaka kukipa heshima kwa namna anayoijua. Shida ni kwamba vanishi inaziba kila kitu nilichokueleza hapo juu, alama za mchi, mafuta, unga uliobaki kwenye nyufa. Ila usijaribu kuitoa mwenyewe na tina au msasa, hapo utaondoa na ngozi ya kinu. Andika tu tarehe aliyopaka na aina ya vanishi, muombe asiguse kingine, na kama ndani ya kinu hakupaka basi bado umebaki na sehemu iliyo bora.

Utunzaji wa nyumbani ntaupitia haraka. Kanga usizikunje pale pale kila siku, mkunjo ndo unaopasuka kwanza, bora kuziviringisha kwenye kitu cha mviringo kilichofungwa shuka safi la pamba, mbali na jua, toa pini zote maana zinaota kutu na kutu inakula nguo. Nafthalini sikushauri, ni sumu kwa anayelala chumba hicho. Chuma cha mbuzi kisilale sakafuni, hewa ya bahari ya Tanga ina chumvi. Ukiona unga mpya wa mbao unadondoka chini ya kinu au mbuzi, unaurudia kila siku upo, hao ni wadudu wako hai ndani, tenga kitu hicho kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kabla hawajahamia kwenye vingine.

Haya, makumbusho. Ntakwambia ukweli usije ukanilaumu. Makumbusho nyingi hazinunui vitu kama hivi, na nyingi tayari zina mbuzi na vinu vya kutosha stoo. Ukifika na mbuzi peke yake uwezekano wa kukataliwa ni mkubwa, na hata wakikubali hawawezi kukuahidi itawekwa kwenye maonesho, karibu kila makumbusho duniani vilivyo stoo ni vingi kuliko vilivyo kwenye kioo. Stoo sio jela lakini, stoo nzuri yenye rejista ni sehemu salama kuliko varanda yenu, na mtafiti au mjukuu wa mjukuu wako anaweza kuja kuomba akaoneshwa. Kinachobadilisha jibu ni ukija na mbuzi, bakuli, cherehani, kanga, uzi wa senti, vyote vya jiko na chumba kimoja cha mwanamke mmoja wa Tanga, na sauti za watu waliomjua na picha yake kama ipo. Hapo umeleta nyumba nzima, na hicho ni adimu. Ningekuwa mezani siku hiyo ningesimama kukutetea.

Lakini kabla hujafika huko, mirathi. Vitu hivyo ni vya warithi wote mpaka vigawanywe, huwezi kuvitoa peke yako na makumbusho yenye kufuata utaratibu haitakiwi kuvipokea bila mwenye haki kusaini. Na soma hati ya kukabidhi vizuri, ukitoa zawadi umetoa, huendi kuidai harusi ya mwanao ikifika. Kama moyo haujatulia uliza kama wanakubali kuazima kwa muda maalum kwa ajili ya onesho, wengine wanakubali. Njia nyingine ambayo mimi binafsi naipenda kwa familia kama yenu ni kugawa kwa kumbukumbu, rekodi zote na picha nzuri mnazipeleka makumbusho pamoja na vitu viwili vitatu, na vingine vinabaki nyumbani vinatumika. Mbuzi inayokuna nazi ya Idi kila mwaka na watoto wanaijua ni ya nani haijapungukiwa na kitu. Ubaya wake ni kwamba inategemea mtu mmoja anayejali, akiondoka huyo mnarudi kwenye hatari ya moto wa kuni.

Kuhusu kuuza, sitakwambia mjomba ni mtu mbaya, labda ana shida ya hela ya kweli. Mwambie tu kitu kimoja, Singer hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na bakuli za Maastricht vile vile ni za kiwandani, ukongwe peke yake haufanyi bei. Huyo mnunuzi anajua hivyo, na atanunua bila jina la bibi, atauza bila jina la bibi. Kama ni lazima kiuzwe kitu basi kirekodiwe kwanza, na mjadiliane kama familia kimoja badala ya vyote. Na awe makini, Tanzania tuna sheria ya mambo ya kale tangu 1964, vitu vya kale huwezi kuvitoa nje ya nchi kienyeji bila kibali, hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 imetajwa humo.

Kuna mambo ambayo usimalize kwa kuniandikia mimi, nenda ofisi ya makumbusho au ya mambo ya kale iliyo karibu ana kwa ana. Ukikuta kwenye sanduku kitu chochote cha pembe ya ndovu, hata bangili au mpini mdogo, usikiuze wala usikisafirishe, uliza kwanza. Ukikuta karatasi au kitabu cha mkono cha herufi za Kiarabu, usikifungue kwa nguvu kurasa zikiwa zimegandana, hata kama unadhani ni dua tu, inaweza kuwa utenzi au barua au hesabu za duka. Vitu vilivyochimbwa chini kwenye magofu, silaha, au chochote kinachohusu mwili wa binadamu, usivihamishe. Na kama kuna mtu anakumbuka vitu viliwahi kupuliziwa DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu, vaa glavu na barakoa, watoto wasisogee, mwite mtu anayejua.

Kwa wiki hii fanya kitu kimoja tu. Chukua mbuzi na ule uzi wa senti, nenda kwa mkubwa kuliko wote aliyebaki upande wa bibi, kaa naye jioni nzima, ukiweza peleka na nazi. Senti usizifungue hata uzi ukiwa umechakaa, zisome miaka yake zikiwa zimetungwa hivyo hivyo na uandike kwa mpangilio zilivyofuatana kuanzia kwenye fundo, maana aliyezitunga alianza na moja akamaliza na nyingine. Ukishapata majina na miaka niandikie tena, na hiyo mbuzi nitumie picha ya chini.